Marahaba ya Mzee wa Gulwe

Dodoma mjini

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta ukiota moto jikoni, maana baridi ya Makete naijua. Baba mdogo anaendeleaje na mgongo? Mimi ni mzima, ila jua la huku limenikausha mpaka sauti. Zabibu alizobeba dada wa kanisani ni zako. Usizigawe zote ukabaki na mfuko, nakujua.

Mafunzo ya huduma ya dharura yanaendelea. Siku hizi tunatoka na gari la wagonjwa pamoja na Mwalimu Yudith, mama mfupi mwenye sauti ya chini. Nampenda, Mama, nisikufiche. Natamani siku moja niwe kama yeye.

Juzi tuliitwa karibu na Gulwe. Mzee mmoja alikuwa ameanguka kutoka juu ya mkokoteni wa ng'ombe, amelala chali, ndugu wamemzunguka. Mmoja ana kikombe cha maji, wawili wameshamshika mabega wamkalishe. Mimi kwa haraka zangu nikapita katikati yao bila neno, nikaanza kufungua mkoba wa vifaa huku wakitufokea.

"Umemsalimia?" Mwalimu akaniuliza.

Nikaona haya, nikadhani ananikumbusha adabu. Akapiga magoti, akakishika kichwa cha mzee kwa mikono miwili kisiyumbe. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee akaitikia kwa shida.

"Umesikia? Njia ya hewa iko wazi, anapumua, na akili ipo. Sasa shika hapa nilipomshika, usiachie." Kisha akawaamkia na wale ndugu, akawaambia, "Tusimkalishe, wala tusimpe maji. Shingo yake hatujaijua bado." Waliokuwa wakitufokea wakaweka kikombe chini. Nani atambishia mtu aliyeanza kwa kumwamkia baba yao?

Njiani kuelekea hospitali kazi yangu ikawa kumsalimia. Shikamoo, marahaba. Shikamoo, marahaba. Halafu nikasalimia, kimya. Koo likaanza kukoroma. Mama, niliogopa.

"Mwalimu, haitikii."

Hakupandisha sauti. Tukamgeuza ubavu, kichwa na mwili kwa pamoja, akamsafisha damu na matapishi kinywani kwa mashine ya kufyonza. Mzee akakohoa. Nikamwamkia tena.

"Marahaba. Mbona unanisalimia sana, mjukuu wangu?"

Mwalimu akacheka, mimi nikalia. Jana tulipita wodini kumwona. Anakunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari.

Sasa nije kwako. Mara ya mwisho nilipokupigia simu, marahaba yako ilikatika katikati, ukavuta pumzi, ndipo ukamalizia. Ukasema ni moshi wa kuni tu. Zamani ningekubali. Nakuomba uende zahanati wakusikilize kifua, na baba mdogo akusindikize. Usinitulize kwa maneno, maana sikio langu siku hizi limefundishwa.

Mwamkie bibi mzaa baba, na shangazi wa dukani. Kaka mwambie aache kuahidi, atoboe dirisha la moshi hapo jikoni. Mchungaji umwambie namkumbuka.

Jumapili nitapiga. Nitakuamkia kama siku zote, Mama, na marahaba naitaka nzima.

Kitindamimba wako,
Neema