Ngozi Iliyoungua Ndani ya Motokaa

Dodoma, Jumatano, alasiri.

Upepo haujatulia tangu alfajiri. Vumbi limeingia hadi ndani ya daftari hili. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Nataka kuandika yaliyotokea kabla sijaanza kujidanganya.

Motokaa ya Bwana, mfanyabiashara wa Kijerumani ninayemwendeshea, iliharibika Jumatatu. Kila nilipoachia kanyagio la klachi ili tuondoke, gari zima lilitetemeka kama mtu mwenye homa ya baridi. Nikitaka kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, meno yalisagana kwa kelele mpaka mbuzi wakakimbia.

Bwana hakuuliza. Alisema Chilongani, anayeliosha gari na kulipaka grisi, ametia mafuta mabaya kwenye sanduku la gia. Akamfungia kwenye stoo ya ngozi za ng'ombe. Leo jioni apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, mbele ya wapagazi wote.

Nilinyamaza.

Leo asubuhi niliambiwa nitafute ubovu, maana kesho Bwana anataka kwenda Kondoa. Nikaanzia pale alipopasema yeye. Nilifungua sanduku la gia, nikachovya kidole: mafuta safi, hakuna hata chembe ya chuma, meno yote mazima. Nikajaribu boliti za injini, zimekaza. Chilongani anaijua kazi yake. Nikawasha injini bila kuingiza gia, ikanguruma kwa utulivu. Kumbe mtetemo haukutoka huko. Ulikuja pale tu klachi ilipoanza kushika. Na hata nilipokanyaga hadi mwisho, shafti inayoingia kwenye sanduku la gia iliendelea kuzunguka polepole. Klachi haikuwa inaachia sawasawa, ndiyo maana gia zilisagana.

Nikang'oa mbao za sakafu, nikachungulia.

Klachi ya motokaa hii ni gurudumu la chuma lenye umbo la pia ya kuchezea watoto, limevikwa ngozi. Ngozi hiyo inatakiwa iwe laini, ishike taratibu. Niliyoiona ilikuwa nyeusi, inang'aa, ngumu kama kwato.

Aliyeiunguza ni mimi.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Bahi peke yangu na mzigo wa nta, nikakwama kwenye tope. Badala ya kushuka nichimbe, nilikaa nimekanyaga klachi nusu, huku nikiivumisha injini, kwa sababu wanakijiji walikuwa wanatazama na mimi niliona raha kutazamwa. Nilisikia harufu ya ngozi inayoungua. Niliisikia vizuri kabisa.

Saa sita mke wa Chilongani alileta ugali wa mtama na mlenda. Nyapara anayelinda stoo akamkatalia kumwona mumewe. Mama akaja kukaa kivulini kwenye banda la gari.

“Mbukwenyi, shemeji,” nikamsalimu kwa Kigogo chao.

Aliitikia, kisha akauliza, “Umeliona kosa lake?”

“Bado natazama,” nikasema. Hata sasa, nikiandika, uso unaniwaka.

Akainama, akaigusa ile ngozi kwa kidole. “Hii imekauka. Sisi ngozi ya kulalia ikiwa hivi tunaipaka mafuta ya nyonyo, tunaiacha inywe.”

Akaenda kwake, akarudi na kibuyu. Nikakazia kanyagio kwa kipande cha mti ili klachi ibaki wazi, nikaukwangua ule weusi kwa kisu, nikapaka mafuta kwa unyoya wa kuku, kidogo kidogo. Yakizidi, klachi itateleza. Ngozi ilipolainika nikarekebisha fimbo ya kanyagio, nikazunguka ua mara tatu. Gari liliondoka taratibu. Gia ya pili ikaingia kimya.

Mama yule akacheka kwa mara ya kwanza. “Basi watamfungua?”

Gari lilikuwa limepona, lakini neno la Bwana lilikuwa palepale. Nikapanda barazani kwake kabla miguu haijabadili nia.

“Bwana, sanduku la gia ni zima. Ngozi ya klachi niliiunguza mimi, Bahi. Chilongani hana kosa.”

Aliiweka mezani sigara aliyokuwa hajaiwasha. Halafu akasema kwa Kiswahili chake cha mkato, “Aliyepigwa hawezi kukaa. Wewe kesho unaendesha. Utapigwa tukirudi. Ukitoroka, Chilongani atalazwa chini apigwe badala yako.”

Wakamfungua Chilongani. Alipita hapa na mkewe, nguo zake zinanuka ngozi mbichi. Akasimama mbele yangu.

“Jumatatu ulikuwa unajua?”

“Nilishuku.”

“Siku mbili,” akasema. Wakaenda zao. Mama hakugeuka.

Nilidhani nikishasema nitapumua. Sijapumua. Nimeshakagua matairi mara mbili, nimejaza maji ambayo tayari yalikuwa yamejaa. Akili inakimbilia vilima vya Kolo, mbele ya Kondoa, kwenye mapango ambamo mtu anaweza kukaa miezi asionekane. Najua njia. Bwana atalala, mimi nitakuwa macho.

Halafu naiona stoo ile, mlango wazi, na mtu akirudishwa ndani.

Kesho nitaendesha hadi Kondoa. Kisha nitaendesha kurudi. Nimeliandika hili kwa wino, nisije nikaanza kujadiliana nalo njiani.