Jogoo Chini ya Kiti cha Usaili

Bibi Olimpia mpendwa, mimi ni msomaji wa ukurasa wako wa ushauri gazetini, salamu kutoka Pașcani, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana nimekosa na najua nimekosa. Naitwa Safta, nina miaka thelathini na nane, huu ni mwaka wa kumi na moja nasafisha mabehewa hapa stesheni, na tangu utotoni nilichotaka ni kuvaa ile kofia na kukagua tiketi, kazi aliyoifanya baba yangu, Costache, ambaye abiria wote wa njia ya Iași wanamkumbuka kwa jina la "baba wa ubatizo", kwa sababu asiye na tiketi alimpa chupa au kipande cha jibini naye akamwacha akae kwa amani kama mwanawe wa ubatizo, mpaka siku wakaguzi walipomshika na kumvua kofia mbele ya behewa zima.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana zilitangazwa nafasi za ukondakta, nikaomba, nikaitwa, na baba akafurahi kuliko mimi, akasema haendi mtu kwenye usaili mikono mitupu, akanifungia kapu lenye jibini la kondoo, chupa ya pombe kali ya nyumbani, na jogoo mzima, mzima wa kupumua, amefungwa miguu, eti aliyechinjwa hana heshima. Nikamwambia siku hizi mambo yamebadilika, akanijibu kwamba waliobadilika ni wapokeaji tu, basi nikalibeba, Bibi Olimpia, mtu mzima mimi, nikalisukuma chini ya kiti, naye baba akakaa kwenye benchi la korido, na mlango haukufungwa vizuri. Mwenyekiti wa jopo, Bwana Ciubotaru, akaniuliza mambo ya usalama nikajibu yote, akaniuliza vituo nikavitaja kwenda na kurudi bila kuvuta pumzi, halafu akavua miwani akasema, "Wewe si binti wa Costache, yule baba wa ubatizo?" Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Hapana, huyo simjui." Na jogoo akawika.

Walicheka mpaka wakashika meza, kisha Bwana Ciubotaru akachungulia chini ya kiti, kicheko kikamwisha, akaniambia nichukue kuku wangu niende. Baba alilipokea kapu mlangoni, hakuniuliza wamesemaje, na mpaka leo sijui kama alisikia. Sasa nimeitwa tena, Alhamisi ijayo, jopo lilelile, na nikianguka mara ya pili siruhusiwi kuomba tena maishani, na baba kishaanza, anasema kosa lilikuwa udogo wa kapu, safari hii nipeleke mwanakondoo. Nikikataa nitamvunja moyo, nikikubali nimekwisha, na nikiulizwa tena lile swali sijui nishikilie uongo wangu au niseme kweli nionekane mwongo. Nisaidie.

Safta B.

*

Safta, nakujibu kwa posta, kwa sababu Alhamisi yako haingoji gazeti. Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta, halafu nikalia kidogo, halafu nikakasirika, na hasira ndiyo iliyobaki, kwa hiyo kaa chini.

Wewe ni mwanamke wa aina gani, unayetaja vituo vyote kwenda na kurudi ukashindwa kumtaja mzazi wako? Mtu yeyote aliyewahi kusimama kanisani Wiki ya Mateso anajua jogoo akiwika baada ya mtu kukana maana yake nini. Anajua pia kwamba yule mwanafunzi aliyemkana Bwana wake alilia, akainuka, akapewa kazi kubwa kuliko ile aliyoikimbia. Basi usijifanye wa kwanza duniani.

Mwanakondoo mleni Pasaka, yaishe. Baba yako si mtu mbaya. Mimi mwenyewe nimepanda treni yake bila tiketi, nikampa soksi za sufu, sasa umeshajua. Ndivyo tulivyomharibu, mmoja baada ya mwingine, na siku alipovuliwa kofia sote tukageuka kutazama dirishani. Kwa hiyo aibu hiyo usiibebe peke yako, lakini pia usiipeleke mbele ya jopo ndani ya kapu.

Leo hii keti naye mezani umwambie, "Baba, nilikukana." Usianze na habari za mvua. Akimaliza kununa, mpe kazi: yeye awe abiria asiye na tiketi, wewe kondakta. Wilaya nzima hakuna anayevijua visingizio kumshinda, tiketi imo kwenye koti la mume wangu, dirisha lilikuwa limefungwa, nashuka kituo kijacho. Mwache akubembeleze, akutukane, akulilie, mpaka uweze kumwandikia faini bila sauti kupanda wala kushuka. Alhamisi vaa viatu ulivyovizoea, fika nusu saa mapema, na ukweli useme kabla hujaketi. Ukingoja mwenyekiti akuulize, umeshikwa. Ukianza wewe, umekiri. Umenisikia? Haya, nenda.

*

Wasomaji wangu, jana nimepata barua ya pili, nami naichapa yote msije mkasema nimebuni.

Bibi Olimpia, baba alisikia. Alisikia kila neno na akanyamaza miezi mitano. Nilipomwambia, alisema, "Najua, mwanangu. Hata mimi ningejikana." Halafu akaenda kuvaa koti, akarudi akiwa abiria, na kwa siku sita hakunipa nafuu, aliigiza hadi mama mjamzito. Alhamisi nilisema nikiwa bado nimesimama kwamba mara iliyopita nilidanganya, kwamba Costache ni baba yangu, na ndiye aliyenifundisha kazi hii yote, pamoja na ile sehemu isiyofaa kufanywa. Bwana Ciubotaru akasema niketi. Nusu saa nzima wakajifanya abiria wasio na tiketi, mmoja mlevi, mwingine mjane, nami nikawaona wanagenzi watupu. Nimepata, Bibi Olimpia. Nimekuwa wa kwanza kati ya watu kumi na saba.

Jumatatu ilikuwa treni yangu ya kwanza. Tulipotoka tu Pașcani, behewa la pili, nikamkuta baba kwenye kiti cha dirishani, amenyoa, amevaa shati la kanisani, wala hakuwa na safari yoyote. Wote mle wanamjua, wakageuka waone nitafanya nini. Nikasimama mbele yake nikasema nilivyomwambia kila mtu, "Tiketi, tafadhali." Akaitoa mfukoni, ameikata mwenyewe hadi Iași, akainyanyua juu behewa zima liione, akasema, "Hii hapa, kondakta." Nikaitoboa, watu wakapiga makofi, baba akalia bila kuficha uso, nami nikamgeukia abiria aliyefuata.