Kigae Nilichomkatalia Baba

Jumatano, Korogwe. Mawingu yamekalia milima tangu asubuhi na mvua haishuki. Nimerudi kutoka shule, sijala, sina hamu ya chochote.

Naandika ili nikiri. Nimemharibia baba yangu kitu kimoja alichokuwa amebaki nacho.

Tulimtoa kijijini kwake Kwamsisi, tukamleta kwetu, baada ya kiharusi. Mkono wa kulia ulikataa, maneno yakawa yanatoka kwa tabu, na mtu aliyelima shamba lake bila kibarua akawa analala ameelekea ukutani. Kilichomwinua ni mahjong, mchezo wa vigae wa Kichina unaopendwa pia Japani. Mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, niliyefundisha naye hesabu, aliniachia boksi lake alipoondoka. Nilimpa Baba vigae avishikeshike, kama mazoezi tu. Kumbe akavipenda. Tukawa tunacheza wanne kila Jumapili: yeye, mimi, mume wangu na jirani yetu Mama Asha. Baba ndiye alikuwa wa kwanza kukaa mezani.

Tulicheza kienyeji. Vigae tulivyotupa tulivirundika katikati, kama karata.

Wiki iliyopita nikasoma sheria kwenye simu. Bora nisingesoma. Kumbe kila mchezaji anapanga alivyotupa mbele yake, vionekane, kwa sababu kigae unachokisubiri ili ushinde ukishawahi kukitupa, huruhusiwi kushinda kwa kigae alichotupa mwenzako. Na ukiwa unasubiri vya aina mbili, ukawa ulishatupa kimojawapo, umefungiwa vyote viwili. Utashinda kwa cha kuokota mwenyewe tu. Hapo palinichukua muda kupaelewa, mimi mwalimu wa hesabu.

Jumapili nikawapangisha vigae kwa mistari. Baba alikuwa na vigae vyenye picha ya mianzi, namba sita na saba, anasubiri tano au nane ili vifuatane vitatu ashinde. Mama Asha akatupa tano. Baba akaichukua kwa mkono wa kulia, uleule uliokataa, akafunua vigae vyake na kucheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu augue.

Nami nikaiona nane kwenye mstari wake. Aliitupa mwanzoni kabisa.

Ningenyamaza ningepungukiwa nini? Mama Asha alinikanyaga mguu chini ya meza. Mume wangu akakohoa. Lakini ualimu umeniharibu, kosa nikiliona lazima nilipigie mstari. Nikamweleza mpaka mwisho, na mifano juu. Alinisikiliza, kisha akavisimamisha vigae vyake tena, kimoja kimoja.

"Basi, mama," akaniambia. "Mimi nimekosea."

Tangu siku hiyo amerudi kulala ameelekea ukutani. Uji anaacha nusu kikombe. Mume wangu hanilaumu, na hilo linaniumiza zaidi.

Leo nimemwekea meza kando ya kitanda. Nikamwambia zile sheria nimezifuta, tucheze sisi wawili tu, turundike katikati kama zamani. Akakubali, nadhani kwa kunihurumia. Akaokota kigae, akakishika muda mrefu.

Hakukitupa.

Aliniangalia usoni kwanza, kama wanafunzi wangu wanavyoniangalia wakiogopa kukosea. Baba yangu, aliyenifundisha kuhesabu kwa punje za mahindi, alikuwa anasubiri nimruhusu.