Mzungu Aliyechinja Mbuzi

Mtito Andei

Mama Kalondu,

Wewe na watoto mko wazima? Mvua imefika huko Tulia, na kifua cha mama kimepoa? Mimi mwili ni mzima, lakini kichwa kinanigonga, na ugonjwa wenyewe ni mzungu.

Kuna mwalimu kijana, Bwana Joji, aliyepanga chumba hapa hotelini ninapopika. Ameapa kusoma Kiarabu mpaka auelewe Uislamu. Haya, asome. Lakini maswali yake yamenichosha! Madereva wa lori wakitawadha, yupo hapo na kitabu. Juzi akamsahihisha Mzee Salimu, mchinjaji wetu, katikati ya dua, mbele ya wajukuu wake. Salimu akachukua kisu chake, akaenda zake. Na asipochinja yeye, madereva Waislamu hawali kwetu. Wasipokula, mimi sina kazi.

Unadhani Joji aliona haya? Alichinja mbuzi mwenyewe! Akaelekea kibla, akasoma bismillahi vizuri kabisa, kisha akawaeleza madereva kwamba kitabu kinaruhusu nyama iliyochinjwa na Mkristo.

"Basi hiyo kitabu ikule," dereva mmoja akamjibu. Wote wakavuka barabara, wakala kwa jirani. Nikabaki na sufuria nzima ya nyama.

"Nimekosea wapi?" Ananiuliza mimi, Mkamba wa kanisani!

Nikamshika mkono mpaka kwa Salimu. Njia nzima anafanya mazoezi ya kuomba radhi kwa Kiarabu. Nikamwambia, "Wewe, hebu funga mdomo kidogo."

Salimu alimtazama, akasema, "Kijana, miezi yote hii umeniuliza dini yangu. Umewahi kuniuliza mke wangu ameamkaje?"

Mtito Andei yote inajua yule mama haamki kitandani. Joji akawa mwekundu kama nyanya. Akaweka kitabu chini.

"Mama... ugonjwa gani?" akasema kwa Kiswahili chake kibovu.

Salimu akampisha mlangoni. "Ingia umwone."

Tangu siku hiyo Joji humchotea yule mama maji kila jioni. Lakini Salimu alikuwa hajarudi kuchinja, nami nilikuwa nimeshaanza kufunga mizigo yangu.

Msalimie mama, dada yako mshonaji, na mchungaji pia. Mwambie sijasilimu, nimechoka tu.

Leo asubuhi Salimu amekuja na kisu, akachinja mbuzi. Joji alisimama kando, swali limemjaa mdomoni, namwona kabisa. Akalimeza.

Mume wako,
Baba Kalondu