Skrini ya Chumba cha Mionzi

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo wa siku zote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu. Sisi huku tunapumua, na kwa sasa naomba neno hilo likutoshe. Mama anakusalimu sana. Anasema wapwa zangu wapunguze kukua, maana masweta anayowafumia yanakuwa madogo kabla hayajaisha.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata pa kukimbilia. Karatasi hainipi upenyo huo.

Kazi yangu bado ni ile ile, kutunza mitambo ya hospitali. Mwezi uliopita kompyuta ya chumba cha mionzi ilizimika skrini. Ni kompyuta kongwe inayoendeshwa kwa mfumo wa zamani uitwao Unix, na kiwanda kilichoitengeneza kilishafungwa. Lakini picha za wagonjwa wa saratani zinahifadhiwa humo, na daktari hawezi kupanga mionzi ipite wapi mwilini bila kuziona. Kompyuta yenyewe ilikuwa hai. Niliunganisha waya nyuma yake, nikaisoma kwa maandishi kupitia kompyuta yangu ndogo, nikaiomba initajie viungo vyake. Ilitaja diski zote, ikataja hata kinanda. Kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye skrini, haikuitaja. Kwake yeye kadi ile haikuwahi kuzaliwa.

Nilianza na yale ya kawaida. Niliichomoa kadi, nikayasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Nikaihamishia tundu jingine. Nikapekua kila mstari ambao mashine huandika wakati wa kuwaka, nikitafuta hata kikohozi cha kadi ile. Kimya. Nikaazima kadi nyingine kwenye stoo ya chuo cha ufundi, nayo mashine haikuiona. Mkurugenzi aliniambia kompyuta mpya imeshaombwa. Nikamuuliza itafika lini, akaniambia imeshaombwa.

Kilichonimaliza nguvu, Dada, si mashine. Ni benchi lililo nje ya mlango wake. Wagonjwa walikuwa wanakuja asubuhi, wanakaa, wanaambiwa bado, wanarudi makwao. Hospitali nyingine yenye mionzi iko mbali, na foleni yake ni ndefu kuliko yetu. Kila nikitoka na bisibisi mkononi wote walinitazama kama mimi ndiye daktari. Nilifika mahali nikawa napitia dirisha la nyuma, mtu mzima na ndevu zangu. Mama mmoja kati yao alilijua dirisha hilo, akanisubiri chini yake siku moja, akaniambia taratibu kwamba kitu kinachotafutwa kwa hasira hujificha zaidi, kwa hiyo nikale kwanza.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nilimtafuta fundi mstaafu aliyeifunga mashine ile enzi zake, yule tuliyemwita Bwana Polepole. Alinisikiliza kwenye simu mpaka nikadhani amelala. Kisha akauliza kama mashine inajua leo ni tarehe ngapi. Nikaangalia. Ilidhani tuko mwaka ambao wewe ulikuwa bado unanibeba mgongoni. Akasema basi kadi ni nzima, ila kumbukumbu imechanganyikiwa. Ndani ya kidude kimoja cheusi kuna betri ndogo inayoikumbusha mashine ichungulie matundu gani inapowaka. Betri ikifa, mashine inasahau, na inaweza kuliruka tundu lenye kadi kana kwamba halipo. Kidude chenyewe hakiuzwi tena. Dawa ni kukikwangua mgongo hadi nyaya za betri zionekane, na kukiunganishia betri mpya kwa risasi ya kulehemu. Kisu kikiteleza, akasema, usinipigie tena.

Nilikwangua huku daktari amesimama nyuma yangu, anapumua kwa shida kuliko mimi. Nikaunganisha betri, nikaiandikia mashine mipangilio yake upya, nikaiwasha. Skrini ikawa nyeusi kwa muda ambao sitausahau, kisha ikapata rangi. Daktari alinikumbatia. Nilicheka, Dada, nikalia kidogo.

Sasa nafika pale ninapopakwepa tangu mstari wa kwanza. Yule mama wa dirishani ni Mama yetu. Amekuwa akiumwa tangu kabla ya msimu wa mvua, na alituapisha, mimi na daktari, tusikwambie hadi aanze tiba. Alisema una watoto wadogo na safari ni ndefu. Nilikubali kwa sababu niliamini nitatengeneza, atatibiwa, kisha tutakuhadithia huku tunacheka.

Daktari alifungua picha zake siku hiyo hiyo. Aliniambia nikae. Mimi huitazama skrini ile kuona kama rangi ziko sawa. Safari hii alinionyesha kwa kalamu, hapa, na hapa, na hapa. Ugonjwa umesambaa. Mionzi haitamsaidia kitu, kilichobaki ni dawa za maumivu na kuwa karibu naye. Alisema hata kama mashine isingeharibika, jibu lingekuwa hili hili. Alirudia mara mbili. Nimeyashika maneno hayo kwa mikono yote miwili, na bado yananiponyoka.

Tulimweleza Mama pamoja. Alifunga vizuri mtandio wake, kisha akaniuliza kama mashine imepona kabisa. Nikamjibu imepona. Akasema basi nimwite yule binti anayemfuata kwenye foleni, amesubiri vya kutosha na ana mtoto anayenyonya.

Hajui kwamba nakuandikia haya; anadhani natuma salamu tu. Nimevunja kiapo, na akinigombeza nitafurahi kusikia sauti yake. Usisubiri likizo, Dada, wala usihangaike na zawadi. Njoo na wapwa, awapime masweta.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mlango hatutaufunga.

Mimi mdogo wako,
Kitinda mimba