Pini ya Karatasi ya Miguu

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Maharage pasheni tu, chumvi nimeshatia, msijifanye wapishi. Gesi mfunge.

Nimempeleka baba yenu hospitali. ~~Ni jambo dogo tu, msiwe na wasiwasi.~~ Hapana, ninyi si watoto tena.

Asubuhi nikipiga deki niliona matone ya damu kutoka chumbani hadi sebuleni. Nikamkuta anafunga tai huku anapiga mluzi. Nikamwambia, "Hebu vua kiatu." Soksi imelowa. Pini imezama kwenye unyayo, na nyama yote pale imegeuka rangi. Ni pini ya ile karatasi ya kisukari tuliyopewa kliniki tukaibana ukutani, yenye picha ya mtu anayetazama nyayo zake kwenye kioo. Kumbe karatasi yenyewe ilishadondoka nyuma ya friji, na hakuna aliyeiulizia. Hata mimi.

Mnajua baba yenu alisema nini? Alicheka! "Unaona, mama watoto? Pini nzima na sisikii kitu. Si nilikwambia napata nafuu?"

Nikacheka naye, kisha nikaenda kulilia bafuni.

Vaeni ndara humo ndani, pini nyingine sijaziona. Karatasi nimeibandika tena, kwa gundi. Isomeni, hasa pale walipoandika kuhusu ganzi.

Akirudi akawaambia haumwi hata kidogo, msimpongeze. Mvueni soksi.

Mama yenu