Koti la Watu Watatu

Kaka, acha unachofanya usome hii.

Blanketi ndiye mkurugenzi wetu mpya. Blanketi yule yule tuliyekaa naye chumba kimoja ughaibuni, wa kulala mpaka adhuhuri.

Leo kasimama mbele ya wafanyakazi wote anasimulia ujana wake wa ng'ambo. Baridi, mabomba kuganda, kitanda kuvunjika. Mpaka hapo sawa, hata mimi nilianza kutabasamu.

Halafu kaninyooshea kidole. "Yule pale nilimpokea mimi. Nilimvalisha koti langu mwenyewe."

Koti lake. Koti LAKE, kaka. Lile ulilonunua wewe kwa mshahara wako wa kwanza, tukawa tunalivaa kwa zamu watu watatu.

Watu wakapiga makofi. Na mimi, mjinga wa mwisho, nikapiga.

Nimefika nyumbani nimelitoa kabatini. Bado linanukia vitunguu vya lile jiko la hoteli tulikokuwa tukifanya kazi, na nimelinusa mpaka hasira zikapungua. Mfukoni nimekuta ratiba ya zamu za kulivaa, mwandiko wako. Wewe asubuhi, mimi jioni.

Blanketi ulimpa Jumapili tu, ya kwenda kutembea. Siku nyingine hakuwa na kazi yoyote ya kumtoa kitandani.